Msibadilishe Bei Baada ya Mtu Kulipa: Kwa Wanaoanza Michezo ya Kuigiza Wahusika

Ugomvi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao mezani tukicheza mchezo wa kuigiza wahusika ulianzia kwenye mzigo. Ilikuwa Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba moja huku Kaloleni, Arusha, wachezaji wakiwa watano nami nikiwa msimamizi, na wahusika wao walikuwa ndani ya pango lililojaa vipande vya shaba. Mchezaji wa askari, ambaye kwenye karatasi yake nguvu ziliandikwa 16, akatangaza kwamba mhusika wake anabeba kilo mia moja za shaba na kuendelea na safari kama kawaida. Kijana aliyeketi mkabala naye, ambaye kwa misimu kadhaa alikuwa mpagazi katika njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, akaweka kalamu chini na kusema kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba hataendelea mpaka lirekebishwe.

Nawaandikia ninyi mnaotaka kujiunga na meza kama yetu, au kuanzisha ya kwenu, na nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifundisha kutazama upya kanuni, uundaji wa wahusika na haki ya wachezaji. Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, naueleza kwa kifupi. Ule uliotangulia mingine, Dungeons & Dragons, ulichapishwa nchini Marekani mwaka 1974 na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji humuunda mhusika mmoja na kumsemea. Msimamizi hueleza ulimwengu na kuwasemea watu wengine wote waliomo. Na pale ambapo matokeo hayajulikani, hurushwa dadu, ambayo mara nyingi huwa ya pande 20. Mhusika hupimwa kwa viwango sita, yaani nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto.

Sasa turudi pangoni. Kanuni iliyomo kitabuni inasema kwamba mhusika anaweza kubeba uzito wa ratili kumi na tano kwa kila kiwango kimoja cha nguvu. Mwenye nguvu 16 anabeba ratili 240, ambazo ni kama kilo 109, na mtu wa kawaida mwenye nguvu 10 anabeba ratili 150, yaani kilo 68, bila kupunguza mwendo hata kidogo. Mpagazi wetu alijua kwa mgongo wake kwamba mzigo unaoruhusiwa kwa mpagazi wa Kilimanjaro ni kilo 20, na kwamba hata kilo hizo 20, mtu anapopanda kwa saa sita, si jambo la kuchukulia kirahisi. Askari alikuwa na kitabu na mpagazi alikuwa na mlima, na mimi, kwa kuwa niliuheshimu ujuzi wa mpagazi, nikaamua palepale kwamba askari aiache shaba yote isipokuwa kilo 30.

Uamuzi wangu ulikuwa na kosa, na aliyenionyesha kosa hilo ni askari mwenyewe. Hakubishana nami kuhusu milima. Alisema kwamba alipomuunda mhusika wake alikuwa na alama 27 za kugawa kwenye viwango vyake sita, kama wenzake wote, na kwamba alitoa tisa kati ya hizo, theluthi ya mtaji wake wote, kwa ajili ya nguvu, baada ya kusoma nguvu hizo zitamnunulia nini. Mimi nilikuwa nimebadilisha bei baada ya yeye kulipa.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba kila kanuni ni bei ya uchaguzi fulani. Mchezaji anayeamua mhusika wake awe mwepesi badala ya kuwa mwenye akili amefanya hesabu kwa kuziamini kanuni alizozikuta, na kanuni inapogeuzwa katikati ya safari, hata kama iliyogeuzwa ilikuwa mbovu kweli, kuna mtu ambaye hesabu yake imeharibiwa bila yeye kuulizwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na hoja sahihi kabisa kuhusu kanuni na bado akawa ameomba jambo lisilo la haki. Mpagazi alikuwa sahihi kuhusu mzigo. Aliloliomba, yaani shaba itupwe wakati uleule, halikuwa la haki.

Tulilitatua hivi. Mmoja wetu aliyekuwa na nakala ya kanuni akasoma hadi mwisho wa sehemu ile na kukuta kanuni ya hiari ambayo hatukuwahi kuitumia: mhusika akibeba zaidi ya ratili tano kwa kila kiwango cha nguvu, mwendo wake hupungua kutoka futi 30 hadi futi 20 kwa kila zamu. Kwa mtu mwenye nguvu 10 kikomo hicho ni ratili 50, karibu kilo 23, na mpagazi alipoisikia hesabu hiyo alicheka kwa furaha, kwa sababu ilikaribia sana kile anachokijua. Tukakubaliana kwamba kanuni hiyo itaanza kutumika kikao kijacho, kwamba shaba iliyokwisha kubebwa itatoka pangoni kama ilivyobebwa, na kwamba kabla ya kikao hicho kila mchezaji anaruhusiwa kugawa upya alama zake. Ruhusa hii ya mwisho ilihitajika kuliko nilivyodhani. Dada aliyekuwa na mhusika wa sihiri alikuwa ameacha nguvu zake kwenye 8, na kwa kanuni mpya angeanza kulemewa akipita kilo 18, pamoja na vitabu vyake vyote. Mtu ambaye hakutamka neno katika ugomvi ndiye aliyekuwa karibu kuumia zaidi.

Kwa hiyo, mtakapopinga kanuni, na mtapinga, kwa sababu mezani pasipo na anayepinga huwa watu hawasikilizi, ulizeni kwanza ni nani aliyejenga mhusika wake juu ya kanuni hiyo. Anayecheza drafti mtaani anaijua tabia hii tayari: benchi moja kula ni lazima na benchi la pili si lazima, na anayekaa bila kuuliza kabla ya kusogeza kete ya kwanza hawezi kulalamika kete zake zikiisha. Kwetu utaratibu ni mfupi. Mwenye pingamizi anainua mkono na kusema hoja yake kwa sentensi mbili au tatu, mwenzake anajibu kwa kiasi hichohicho, msimamizi anaamua, mchezo unaendelea, na uamuzi unaandikwa kwenye daftari ili ujadiliwe mwisho wa kikao wakati wa chai. Uamuzi unaweza kubadilishwa wakati wa chai. Matokeo yaliyokwisha kupatikana hayabadilishwi. Tunasimamisha mchezo na kufungua kitabu pale tu ambapo uamuzi unaweza kumuua mhusika moja kwa moja, kwa sababu mchezaji aliyemlea mhusika kwa mwaka mzima anastahili angalau dakika kumi za kusomewa.

Kuhusu namna ya kupata viwango vyenyewe, mtasikia mabishano kati ya wanaopenda kurusha dadu na wanaopenda kugawa alama. Sisi tulianza kwa kurusha dadu nne za pande sita na kuacha iliyo ndogo kabisa, njia ambayo wastani wake ni kidogo zaidi ya 12. Wastani, hata hivyo, haumsaidii mtu mmoja mmoja: katika kundi letu la kwanza mchezaji mmoja alipata 17 mbili na mwenzake hakupata chochote kilichozidi 12, na wakacheza hivyo miezi mingi. Mwenye kiwango cha 18 huongeza nne kwenye dadu yake na mwenye 8 hupunguza moja. Tofauti hiyo ya nafasi tano katika dadu ya pande 20 ni asilimia 25 katika kila jaribio, kikao baada ya kikao. Katika hadithi ya jioni moja bahati ya dadu ina utamu wake. Katika safari ndefu nawashauri mgawe alama, ambapo kila mmoja anaanza na 27 na hakuna kiwango kinachozidi 15 kabla ya nyongeza nitakazozieleza hapa chini, na kiwango cha 14 au 15 kina gharama kubwa kuliko vilivyo chini yake.

Hata hivyo msidhani kwamba alama zikilingana haki imekamilika. Nimewahi kuwa na wachezaji wenye alama sawasawa, mmoja wao akakaa vikao vitatu akitazama tu, kwa sababu mhusika wake alikuwa hodari wa kupigana majini nami nilikuwa nimeipeleka hadithi nyikani. Hapo kosa lilikuwa la msimamizi, lakini mchezaji naye ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuunda mhusika: safari yetu inaelekea wapi, tutakutana na watu wa namna gani, na je, kutakuwa na mazungumzo au mapigano zaidi? Asiyeuliza hununua jembe akidhani anaelekea shambani, kumbe msafara unaelekea ziwani.

Liko jambo moja katika uundaji wa wahusika ambalo sisi wa huku tunapaswa kulishika kwa uangalifu kuliko wengi. Katika toleo la mwaka 2014 kila jamii ya kubuni ilikuja na nyongeza zake za kuzaliwa, hii ikipewa nguvu, ile wepesi, nyingine akili. Nilipoanza, niliuiga mfumo huo na kubuni ulimwengu wangu chini ya mlima wenye theluji: kulikuwa na watu wa mifongo, yaani mifereji, waliopitisha maji hadi migombani, watu wa ng'ombe waliokaa tambarare, na watu wa misafara waliofanya biashara hadi pwani. Watu wa ng'ombe niliwapa nguvu mbili zaidi na akili moja pungufu, nikidhani nimebuni tu. Mezani alikuwepo ndugu mmoja Mwarusha, wa watu wenye undugu na Wamaasai wafugaji. Hakusema kitu siku ile. Aliningoja nje, karibu na geti, akaniuliza kwa upole kama ninaamini nilichokiandika. Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumtazama machoni nikalitoa.

Mezani kwetu huketi Wameru, Wachaga, Waarusha, Wapare na Wairaqw, na hakuna jamii ya kubuni katika ulimwengu wa milima na ng'ombe ambayo hawataitambua. Nilizifuta namba zile wiki hiyohiyo na kuziweka kwenye maisha ya mhusika badala ya ukoo wake: aliyekua akizibua mifongo ana ustahimilivu, aliyehesabu bidhaa za msafara ana akili, aliyelinda zizi usiku ana busara ya kusikia mambo mapema, na yeyote wa jamii yoyote anaweza kuwa amelelewa katika lolote kati ya hayo. Toleo la mwaka 2024 nalo limeziondoa nyongeza hizo kwenye jamii na kuziweka kwenye historia ya mhusika. Wapo wanaolipinga badiliko hilo wakisema linazifanya jamii zote zifanane. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu tangu tulipoacha kutofautisha watu wetu kwa namba, wachezaji wamelazimika kuwatofautisha kwa desturi, vyakula, namna ya kuapa na namna ya kuzika, na ulimwengu wetu umekuwa tajiri zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo tuliacha kumwita mwenye sihiri mchawi. Neno hilo hapa lina uzito wake, linaumiza watu halisi, na mzazi anayelisikia kupitia dirishani ana haki ya kushtuka. Tunasema mwanasihiri, na anayeponya tunamwita mganga.

Vifaa visiwatishe. Kanuni za msingi za toleo la 2014, katika waraka uitwao SRD 5.1, ziliwekwa huru mwezi Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo mnaweza kuzichapa stationari bila kumwibia mtu. Dadu za pande sita mtazitoa kwenye ludo. Badala ya dadu ya pande 20 sisi tulitumia vizibo vya soda ishirini, vilivyoandikwa namba kwa ndani, ndani ya mfuko wa kitambaa. Sharti ni moja: kizibo kikishatolewa kirudishwe na mfuko utikiswe kabla ya mwingine kuchota. Kwa wiki mbili za mwanzo hatukuvirudisha mpaka viishe vyote, na wenye kumbukumbu nzuri wakawa wanahesabu. Namba 18, 19 na 20 zikishatoka, nafasi ya anayefuata ya kuzipata inashuka kutoka asilimia 15 hadi sifuri, na wajuao hilo walikuwa wakisubiri mwenzao achote kwanza. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote, maana hatukuwa tumeiandika.

Msimamizi naye achote mbele ya watu. Niliwahi kuuficha mkono wangu nyuma ya kitabu na kubadilisha namba ili kumwokoa mhusika wa mchezaji mgeni, kwa nia njema. Mwenzake aliyepoteza mhusika mwezi uliotangulia alikiona kizibo. Ilichukua muda mrefu kabla ya kuniamini tena, na hakukosea.

Mtakapokuja kikao cha kwanza, njooni na penseli. Karatasi ya mhusika iachwe na nafasi tupu, msikilize kwanza kanuni za meza zikisomwa kutoka kwenye daftari, muulize maswali yenu yote, kisha mgawe alama. Kwetu vikao vitatu vya mwanzo ni vya majaribio, na mchezaji anaweza kufuta na kuandika upya chochote bila kuomba ruhusa. Mwisho wa kikao cha tatu daftari linasomwa tena kwa sauti, kila mmoja anasema kama amekubali, na kalamu ya wino inazungushwa mezani.