Nesi Anajibu: Jicho Linawaka, Kidole Hakiumi, Nani Akimbizwe Kwanza?

Safari hii barua nyingi zimetoka gereji, saiti na kwa mafundi wa mageti. Nimefanya kazi chumba cha vidonda na baadae kliniki ya macho hapa Dar kwa miaka mingi, na kuna jambo moja linanisumbua mpaka leo, watu wanapima hatari kwa maumivu. Kikiuma sana wanapanda bodaboda usiku wa manane, kisipouma wanasema ngoja tuone mpaka Jumatatu. Na aliyesubiri Jumatatu mara nyingi ndo alitakiwa akimbie. Someni barua hizi mtaona.

SWALI: Shikamoo nesi. Mi ni msaidizi wa fundi wa mageti huku Tabata, kazi yangu kushika vyuma fundi akichomelea, yeye ana kioo chake mi sina, naangalia pembeni tu. Juzi tumepiga kazi kutwa, jioni nikala nikalala fresh kabisa, saa saba usiku nikaamka macho yanawaka kama nimemwagiwa mchanga na pilipili, machozi yanachuruzika, hata mwanga wa simu unanichoma. Mama akanibandika vipande vya kiazi, jirani akasema tutafute maziwa ya mama anayenyonyesha, asubuhi nikaenda duka la dawa wakaniuzia matone, nikiweka tu maumivu yanakata palepale. Niendelee nayo? Alafu ntapofuka kweli? (Msaidizi, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza hupofuki, tuliza moyo. Ule mwanga wa weldingi una miale ya urujuanimno, huioni na wala haikuumi muda ule, inababua ngozi nyembamba kabisa iliyo juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kama jua linavyobabua mgongo wa mtu aliyeshinda bichi. Maumivu yanakuja baadae, masaa 6 mpaka 12 hivi, ndo maana ulikula ukalala vizuri alafu ukaamka unalia. Ni maumivu makali sana, nimeona mwanaume wa miraba minne anaongozwa mkono na mtoto wake, taulo kichwani, hawezi kufumbua jicho hata kidogo. Lakini ngozi ile inaota upesi, siku moja au mbili wengi wanakuwa wamepona.

Sasa hayo matone. Dawa ya jicho inayokata maumivu hapohapo kwa kawaida ni ganzi, na ganzi sisi tunaweka tone hospitali ili tuweze kukuchunguza tu, hatukupi uende nayo nyumbani. Ukiweka kila saa ile ngozi inashindwa kuota, na jicho lililokufa ganzi halijui kama limeingia mchanga, unalisugua tu. Nimeona kioo cha jicho kimekuwa cheupe kama ganda la yai kwa sababu ya kichupa cha namna hiyo, na kilianza na weldingi ya kawaida kabisa. Nenda na kichupa chako zahanati wakusomee. Na kama kimeandikwa deksamethasoni au prednisoloni acha pia mpaka uonwe, hizo ni steroidi, kwenye jicho lenye mchubuko zinaweza kukaribisha fangasi.

Unachohitaji ni chumba chenye giza, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya kope, panadoli, na mafuta ya macho ya antibayotiki ukiandikiwa. Kiazi kinachosaidia pale ni ubaridi wake tu, na kimetoka kwenye udongo. Maziwa ya mama ni ya mtoto kunywa, jichoni yanaweza kuleta wadudu. Ila shika hili: moto wa weldingi unachoma macho yote mawili. Kama linauma moja tu, au siku mbili zimepita bado, kuna uwezekano kipande cha chuma kimenasa, na hapo usimruhusu mtu akutolee kwa kijiti cha kiberiti wala unywele wala ncha ya sindano. Chuma kikikaa kwenye kioo cha jicho, ndani ya siku moja kinaacha duara la kutu la rangi ya chai, inabidi likwanguliwe na mtu mwenye darubini na mkono uliotulia.

Na kuangalia pembeni hakukusaidii, ile miale inadunda kwenye ukuta mweupe na kwenye bati inakufata. Miwani myeusi ya mtaani nayo si kinga ya weldingi. Mwambie fundi wako, kwa heshima lakini umwambie, anayeshika chuma naye anahitaji kioo chake, chenye namba 10 kwenda juu kwa kazi hiyo ya umeme.

SWALI: Nesi habari za kazi. Mume wangu ni fundi ujenzi, alikuwa anavunja zege kwa tindo na nyundo, kuna kitu kikamrukia jichoni, anasema alisikia kama kaguswa na nzi. Haumwi, jicho jekundu kidogo tu, ila anaona kama kuna moshi upande mmoja. Leo siku ya tatu, nikimwambia hospitali anasema niache kelele, kwani analia? (Mama watatu, Mbagala)

JIBU: Dada yangu, barua yako niliisoma nikashindwa kukaa, ndo maana nilikupigia siku ileile bila kusubiri gazeti litoke, na namshukuru Mungu mzee alikubali kuinuka. Naandika kwa wengine.

Angalieni kichwa cha tindo lililopigwa muda mrefu, kimechanua pembeni kama uyoga. Ukigonga, yale makucha yanamenyeka, kichembe kidogo kuliko punje ya mtama kinaruka kama risasi, kina makali na kina moto. Kinatoboa jicho kinaingia ndani, tundu lenyewe dogo linajiziba, machozi kidogo, wekundu kidogo, basi. Mtu anasema kimetoka. Hakijatoka, kimeingia. Humo ndani kinaweza kuleta usaha ndani ya siku chache, na hata usipokuja, chuma kinaoza taratibu na kutu yake inaua pale nyuma ya jicho panapopokea picha. Wakati mwingine nikimmulika mtu wa hivi naona mboni yake haiko duara, imevutwa upande mmoja kama tone la maji linalotaka kudondoka, na hapo siulizi tena maswali mengi.

Kwa hiyo nyundo imegonga chuma, kitu kimeruka jichoni, na kuona kumebadilika, hiyo ni dharura hata kama hakiumi kabisa. Usioshe, usiweke dawa, usikandamize. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, funika jicho, kishike kwa plasta kwenye mfupa wa paji na shavu, kisiguse jicho lenyewe. Asile, maana anaweza kuingia theatre, chumba cha upasuaji. Mpeleke moja kwa moja penye daktari bingwa wa macho, Muhimbili au CCBRT pale Msasani, na sentensi ya kwanza aseme "nilikuwa napiga nyundo", asiseme "jicho linawasha". Neno nyundo ndo litafanya waombe picha ya eksirei au siti skani. Mashine ile ya sumaku, emaarai, asiingizwe mpaka wajue hakuna chuma.

Na hilo tindo mlisage kichwa kwa grenda mpaka uyoga uishe, ni kazi ya dakika mbili, ila vaa miwani ya kazi wakati unasaga.

SWALI: Shikamoo. Nina gereji ndogo Buguruni. Kijana wangu alikuwa anajaza grisi, pampu ikateleza ikampiga kwenye ncha ya kidole cha shahada. Kitundu kama cha sindano ya cherehani, damu hakuna, anasema kimekufa ganzi tu. Tukaenda zahanati fulani wakafuta na spiriti, wakampa vidonge, akarudi kazini. Usiku mkono ukavimba, tulipofika hospitali kubwa kesho yake jioni walijitahidi wakashindwa, kidole kimekatwa. Nesi, sisi tulikosea wapi? Sipati usingizi. (Mwenye gereji)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na kijana mfikishie pole yangu. Hamkumtelekeza, mlimpeleka. Kitundu kiliwadanganya ninyi na kikamdanganya na aliyewapokea, na ndo maana naandika hapa kwa herufi zote ili gereji zote za Ilala mpaka Tegeta wasome.

Grisi ikitoka kwenye pampu ina presha ya kutoboa ngozi bila kuichana. Ikishaingia haikai pale ilipoingilia, inafata ala ya ule mshipa mgumu unaokunja kidole, kano, inapanda mpaka kiganjani, wengine mpaka kwenye mkono. Mwanzo kimya, ganzi kidogo, kidole kimepauka. Masaa machache baadae grisi inaanza kuunguza nyama na uvimbe unabana mishipa ya damu, hapo maumivu yanakuja na yakija muda umeshakwenda. Vidonge haviwezi kuitoa, dawa yake ni theatre, wafungue wasafishe, ndani ya masaa ya mwanzo, masaa 6 yakipita mambo yanazidi kuwa magumu. Ingekuwa mtu angekwambieni hivo siku ile mngekuwa Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili kabla ya jioni, najua mngekuwa.

Rangi ya kupuliza kwa mashine ya presha ni hivohivo, na kwa rangi yenye thina ni mbaya zaidi. Na ninyi mafundi wa dizeli mnaopima noseli kwa kuweka kidole mbele muone inapuliza, nawaomba kama mama yenu, acheni. Pimeni kwa karatasi. Ikitokea, mtu asiloweke kwenye maji ya moto, asikamue, asile, na akifika aseme "grisi ya presha", asiseme "nimechomwa na kitu".

Kuhusu fidia uliyouliza pembeni: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhusu hata kijana wa gereji ndogo, na michango ni ya mwajiri, haikatwi kwenye posho yake. Nenda ofisi za WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mapema na karatasi za hospitali, usikae nazo ndani.

Alafu linganisha na huyu mwingine wa Vingunguti aliyebanwa na bonneti kidole kikawa cheusi chini ya kucha, anasema kinadunda kama ngoma na hajalala. Pole kaka, inauma kweli, lakini hiyo damu iliyobanwa tunaitoa kwa kutoboa kucha kwa ncha yenye moto, dakika moja unacheka. Njoo tu kituoni, tuangalie na mfupa.

SWALI: Sisi maseremala wa Keko tunabishana, mwenzetu msumeno ukikata kipande cha kidole tunakiweka kwenye barafu au kwenye maji ya chumvi? Na kuvaa glavu ni sawa?

JIBU: Hamna hata mmoja aliyepatia. Kwanza kisiki mkigandamize kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu kuliko moyo, dakika 10 bila kufungua kuchungulia. Msifunge mpira wa chubu kwenye shina la kidole, na msimwagie mafuta ya taa, majivu wala petroli. Pete zote zitoke hapohapo kabla mkono haujavimba, za mkono wote. Kile kipande mkisuuze kwa maji safi, mkikunje kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kiingie mfuko wa nailoni ufungwe, ndo huo mfuko uwekwe kwenye mfuko mwingine wenye maji na barafu. Kipande kikigusa barafu yenyewe kinaungua na baridi. Muulizeni pia sindano ya pepopunda alichoma lini, kama miaka 5 imepita na kidonda kina uchafu atahitaji nyingine.

Glavu kwenye mashine inayozunguka hapana. Uzi mmoja ukinaswa, mashine inavuta glavu na mkono ndani yake. Glavu mvae mkibeba mabati na mbao.

SWALI: Nesi, mwanangu wa miaka 6 kavunja mnyaa wa uzio hapa Kigamboni, yale maziwa yakaingia jichoni, nilimfuta kwa kanga nikampeleka hospitali kwa bajaji, foleni ya pantoni ilikuwa ndefu, wakanigombeza eti kwanini sikumuosha kwanza. Nilikosea?

JIBU: Hukukosea kumpeleka mama, ila kwa utomvu, chokaa, saruji au maji ya betri, hospitali ya kwanza ni ndoo yako. Hapa hatusubiri kuona kama inauma, maziwa ya mnyaa mara nyingi yanakolea moto masaa kadhaa baadae, na chokaa inaendelea kula jicho wakati uko kwenye foleni. Mlaze mtoto ubavu, jicho lililoingiwa liwe upande wa chini, mtu mmoja amshike kichwa. Fungua kope kwa vidole viwili, mimina maji safi kwa kopo taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje, yasiende kwenye lile jicho jingine ambalo ni zima. Atapiga kelele, endelea. Vuta kope ya chini umimine, inua ya juu umimine, chokaa inapenda kujificha humo. Dakika 15 kwa utomvu, kwa chokaa na saruji nusu saa. Kama maji ya kunywa hamna tumia ya bombani, usiende kuyatafuta dukani. Alafu ndo mpande bajaji, na chupa ya maji mkononi uendelee kumimina njiani.