Betri nne nyuma ya gari, na friji inazima kabla ya alfajiri

SWALI

Shikamoo fundi. Nina gari aina ya Toyota HiAce nililoligeuza kuwa gari la kulala, na hulitumia kuwapeleka wageni kutoka hapa Malindi hadi Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, safari ya saa mbili na nusu, kisha tunalala huko usiku mmoja au miwili. Nyuma nimeweka betri nne za kuongezwa maji, za ampea-saa 100 kila moja, zimepangwa mstari mmoja na kuunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Waya zote mbili zinazokwenda kwenye vifaa zimetoka kwenye betri ya kwanza, iliyo karibu na mlango. Chaji inatoka kwenye alteneta kupitia rilei na waya wa milimita 6 za mraba, na juu kuna paneli ya sola ya wati 100. Betri mbili zilikufa nikanunua mbili mpya, nikaziweka upande wa mlango. Haikutimia miezi minane hizo mpya nazo zimechoka, na friji inazima saa tisa za usiku. Fundi mmoja ameniambia niongeze betri ya tano, mwingine ameniambia nitoe mbili niweke za lithiamu. Nifuate lipi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usinunue betri yoyote kabla ya kufanya hesabu hii pamoja nami, kwa sababu maelezo yako yanaonyesha kwamba betri ulizo nazo zingetosha kama zingekuwa zinajaa na kama zingekuwa zinagawana kazi sawasawa, na hakuna hata moja kati ya mambo hayo mawili linalotendeka ndani ya gari lako.

Friji ndogo ya kompresa inayotumia volti 12 huvuta takribani ampea 4 inapozunguka, na katika joto la nyika tuchukulie kwamba huzunguka dakika 36 katika kila saa. Kuanzia magharibi hadi asubuhi, saa 12, itakuwa imetumia ampea-saa 29 (yaani ampea ukizizidisha kwa saa). Feni mbili za ampea moja na nusu kila moja, zikizunguka saa 10, zitatumia 30. Taa, simu na kamera za wageni tuzipe 20 kwa ukarimu. Jumla ni ampea-saa 79 kwa usiku mmoja. Betri za asidi hazipendi kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo katika ampea-saa 400 una 200 za kutumia bila kuzidhuru, yaani zaidi ya usiku mbili hata jua lisipowaka. Ikiwa friji inazima saa tisa za usiku wa kwanza, basi mliondoka Malindi na betri ambazo hazijajaa, au moja kati yake inawanyonya wenzake. Betri ya tano ingekuwa mtungi mwingine mtupu uliowekwa kando ya mitungi minne isiyojazwa.

Tuanze na kujaza. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme upite, wa omu 0.0172 kwa kila mita. Kutoka kwenye injini hadi mlango wa nyuma wa gari lako, waya ukipitishwa chini ya sakafu, ni kama mita 6, na umeme lazima urudi, kwa hiyo njia nzima ni mita 12. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, ukinzani wa njia hiyo ni omu 0.034, na ukitaka kupitisha ampea 40 utapoteza takribani volti 1.4 njiani. Alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ikitoa volti 14.2, betri za nyuma zinapata 12.8. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.7, na ili ijae inahitaji kusukumwa kwa takribani volti 14.4. Unaona basi kwamba kwa muda wote unaoendesha gari, umeme unaofika nyuma ni kidogo mno. Ukweli ni kwamba hata hizo ampea 40 hazipiti, kwa kuwa kadiri volti zinavyopotea ndivyo na ampea zinavyopungua. Waya huohuo ungekuwa wa milimita 25 za mraba, upotevu ungeshuka hadi volti 0.33.

Tumia waya huo wa milimita 25, na badala ya rilei, ile swichi inayounganisha tu betri za nyuma na alteneta, funga chaja ya betri kwa betri ya ampea 30, kifaa kinachopokea umeme wa alteneta na kuupandisha hadi volti zinazohitajika kulingana na aina ya betri. Weka fyuzi ya ampea 60 mwanzoni na nyingine mwishoni mwa waya huo, kwa sababu pande zote mbili zina betri, na waya ukichubuka katikati utamiminiwa moto kutoka kila upande. Usiutumie mwili wa gari kama njia ya kurudishia hasi. Hapa pwani chumvi ya bahari hula bati na nati kimyakimya, na kiungo kilichokuwa imara wakati wa kaskazi unaweza kukikuta kimeota kutu kusi inapovuma. Nunua waya wa pili wa unene uleule urudishe hasi hadi mbele, na ukiweza kupata waya ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, lipa ile tofauti ya bei bila kusita.

Hata hivyo, saa mbili na nusu kwa ampea 30 ni ampea-saa 75 tu, na asilimia 20 ya mwisho ya betri ya asidi hujaa polepole kwa saa kadhaa hata ukiwa na chaja kubwa namna gani. Kazi hiyo ya mwisho ni ya sola. Malindi hupata kama saa 5 za jua kamili kwa siku, kwa hiyo paneli ya wati 100 ikishatolewa upotevu hukupa kama ampea-saa 30. Panda hadi wati 300, na kila siku utarudisha karibu ampea-saa 90, zaidi ya unayotumia usiku.

Sasa nije kwenye kilichoziua betri zako mpya. Wafikirie mahamali wanne wanaobeba gogo moja, lakini kamba ya kulivuta imefungwa begani kwa yule wa kwanza peke yake. Kila kipande cha waya kati ya betri moja na nyingine, na kila kichwa kilichofungwa kwa nati, kina ukinzani wake mdogo. Ukichukua chanya na hasi kwenye betri ya kwanza, umeme wa betri ya nne lazima upitie vipande sita vya waya na viungo vyake vyote, ilhali wa betri ya kwanza haupiti hata kimoja. Kwa kuwa ukinzani wa ndani wa betri nzuri ni wa sehemu chache tu za elfu za omu, yaani omu 0.003 au 0.005, hivyo vipande vya waya havidharauliki. Betri ya kwanza inaweza kubeba mara mbili ya mzigo wa betri ya nne. Wewe ulizipanga mpya mbili mbele kabisa, zikabeba kazi ya zote, na nyuma yake ukaziacha kuukuu mbili ambazo kila usiku zilikuwa zinavuta umeme wa hizo mpya ili zijazie upungufu wao.

Dawa nyepesi ni kuchukua chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye betri ya nne, ili kila betri iwe na safari ya urefu unaokaribiana. Hiyo unaweza kuifanya leo kwa spana moja. Lakini mimi kwa gari la wageni napendelea njia ya pili, ijapokuwa ina gharama zaidi: funga mapau mawili ya shaba ukutani, moja la chanya na moja la hasi, kisha kila betri iwe na waya wake wa milimita 25 wa kwenda kwenye kila pau, na waya zote ziwe na urefu sawa hata kama betri mojawapo iko karibu na waya wake utalazimika kukunjwa. Kwenye kila chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri, weka fyuzi ya kufungwa kwa nati ya ampea 100. Wengi huweka fyuzi moja kubwa kwa zote wakaona yatosha, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Betri moja ikipata shoti ndani yake, zile tatu zilizobaki zitamwaga humo umeme mwingi kwa mkupuo, na fyuzi ya pamoja haitajua lolote kwa sababu umeme huo haupiti kwake. Gari lina watu waliolala ndani.

Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya kubania, visigongwe kwa nyundo, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Unapofungua betri, toa hasi kwanza. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho, ili spana ikiteleza na kugusa bati isilete cheche. Vua pete. Niliwahi kuacha yangu kidoleni wakati wa kukaza nati ya chanya, spana ikagusa fremu, na pete ikapata moto kabla sijauvuta mkono. Alama yake ninayo hadi leo.

Sanduku la betri liwe na tundu la hewa lililo juu kabisa na linalotoka nje ya gari, kwani betri za maji zinapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya mahali. Gesi ya kupikia ni kinyume chake: hutuama chini, na tundu lake hukaa sakafuni. Usiviweke vitu hivyo viwili katika kabati moja.

Kuhusu lithiamu, ni betri nzuri, na iko siku utazifikia, lakini usizichanganye na za asidi kwenye pau moja. Ile ya lithiamu ya volti 12.8 hushikilia volti zake karibu hadi mwisho, kwa hiyo itafanya kazi peke yake huku ikizichaji zile za asidi, na kila aina ina namna yake ya kuchajiwa. Ni zote au hakuna. Kanuni hiyohiyo inazihusu za asidi: zinunuliwe pamoja, za kampuni moja, uwezo mmoja, umri mmoja.

Kabla ya hayo yote, zipime ulizo nazo. Zichaji zijae, zitenganishe kabisa, ziache usiku kucha, kisha asubuhi pima kila moja peke yake. Iliyo kwenye 12.6 au 12.7 ni nzima. Iliyo kwenye 12.1 imeshuka hadi kama nusu. Iliyo karibu na 10.5 ina chumba kimoja kilichokufa, na hiyo ndiyo imekuwa ikiwanyonya wenzake. Fungua vifuniko upime asidi ya kila chumba kwa haidrometa, kifaa kinachoonyesha uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji: iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280, na vyumba viwili vya betri moja vikitofautiana kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo haifai kurudi kwenye kundi. Sitashangaa ukikuta moja kati ya zile mbili mpya bado inaweza kuokolewa kwa chaji ndefu, na kuukuu zote mbili ndizo za kutolewa.

Matunzo yake si mengi, ila hayataki kuahirishwa. Kila mwezi, na katika miezi ya kaskazi kila wiki mbili, angalia maji. Ongeza maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke, baada ya chaji kukamilika na si kabla, isipokuwa bamba ziwe zimeachwa wazi. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi na yataiua betri. Asidi usiongeze kamwe, kwani kinachopungua ni maji. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa, uoshe kwa maji ya magadi, ukaushe, ukaze nati, kisha upake vaselini. Washa vifaa vyote kwa robo saa, halafu pima volti kati ya kichwa cha betri na waya uliofungwa juu yake: ikizidi volti 0.1, kiungo hicho kifunguliwe.

Joto nalo lishughulikie. Umri wa betri hupungua kwa kama nusu kila joto lake linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, na gari lililofungwa juani huoka kila kilichomo. Chagua kontrola ya sola, kifaa kinachoongoza chaji ya paneli, yenye kihisi cha joto kinachobandikwa kwenye betri yenyewe. Betri ikiwa na nyuzi 40, kontrola hiyo itashusha chaji kutoka volti 14.4 hadi karibu 14.0, na hutapoteza maji ovyo. Msimu wa wageni ukiisha, kuanzia Aprili hadi Juni, usiliegeshe gari chini ya mwembe na betri zimeshuka, maana betri ya asidi ikikaa bila chaji bamba zake huota ukoko wa salfeti ambao baada ya wiki chache hautoki tena. Liache mahali sola inapoona jua, zima swichi kuu, na usilisahau.

Na zile zitakazotolewa, usimwage asidi yake mtaroni wala usiziuze kwa mtu wa kuzivunja uani. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhurika kwa sumu ya risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri, iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Zipeleke zikiwa nzima, zimesimama wima, kwa muuzaji atakayekuuzia mpya, na umwombe azipokee na akupunguzie bei.