Usimuulize bibi maswali, mpe kitu mkononi

Mleta uzi, umeuliza programu gani nzuri ya kumrekodi mama yako azungumzie vitu vyake vya zamani, na hapo juu wameshakutajia za kulipia. Mimi nimepita huko. Nililipia moja mwaka mzima, kila Jumatatu inatuma swali. "Utoto wako ulikuwaje?" Bibi yangu, yuko Pangani, akajibu: "Mzuri." Wiki ya pili akaulizwa ana nasaha gani kwa vijana. "Waswali." Tukaishia hapo, na hela imekwenda.

Kilichomfungua mdomo ni sanduku lake. Nilikwenda kula Idi, tukawa tunaanika vitu juani maana vilishaanza kunuka uvundo, akatoa kanga moja imepauka, jina bado linasomeka: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikaweka simu juu ya mkeka, nikabonyeza voisi ya WhatsApp, nikasema tu, "Na hii, bibi?" Dakika 22! Sote tumekua tukijua kanga ile alinunuliwa na babu. Kumbe alijinunulia mwenyewe kwa hela ya kushona makuti, mwaka ambao mawifi walikuwa wakimsema hazai. "Nikajifunga, mume wangu, nikapita mbele ya nyumba ya wifi mara tatu. Ninakokwenda hakuna." (Mume wangu ndiye mimi, mjukuu. Wa pwani wanaujua huo utani.)

Baada ya hapo sikuuliza tena maswali ya jumla. Kitu kimoja, voisi moja. Kilichofuata ni kipande cha babu, ile kadi ya kibarua ya shamba la mkonge enzi za Mwingereza. Kina vyumba 30. Ukimaliza kazi ya siku kimoja kinatiwa alama, na mshahara unakuja vikitimia vyote. Cha babu kimeishia 19. Ukikitazama hivi hivi utadhani alikuwa mvivu. Bibi ndiye anayejua kwamba siku ya 20 aliletewa habari ya msiba wa mama yake, akaondoka usiku, hakurudi tena, na zile siku 19 zikaenda bure.

Voisi hiyo tuliipoteza. Binamu mmoja alikuwa amewasha ujumbe wa kujifuta kwenye grupu la familia, siku 7, eti simu yake imejaa. Hakuna aliyeihifadhi. Nikamrudia bibi asimulie upya, akasimulia, lakini kwa mkato, kama mtu anayerudia hesabu aliyokwisha kuimaliza. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili aliniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo sikiliza hapa. Voisi ihamishe siku hiyo hiyo. Kwenye Android faili linaitwa PTT na tarakimu nyingi, mwisho opus. Ukiliacha hivyo, mwakani hujui lipi ni lipi. Mimi nalibatiza jina la kitu: kanga-japo-sipati, kipande-cha-babu. Nakala moja Google Drive, nyingine kwenye flashi inayokaa kwa shangazi Tanga mjini. Picha ya kitu ipige karibu na dirisha, bila flashi ya kamera, na ukiituma WhatsApp itume kama dokumenti isije ikabanwa, maandishi madogo yakafa.

Kisha nilikwenda steshenari nikachapisha vile vimraba vya QR, kila kimoja kina kiungo cha voisi iliyoko Drive, kimoja kwa kila kitu, vikigandishwa kwenye bahasha ya kitu (usigandishe kwenye kanga yenyewe, gundi inakula nguo). Ukiskani, unamsikia bibi. Nilivituma picha kwa watoto wa binamu yangu walioko Muscat, wote wakaambiwa waombe ruhusa: nilisahau kufungua faili kwa kila mwenye kiungo. Ni kosa langu. Ila ujue ukishafungua hivyo, yeyote atakayeskani atasikia, hata fundi aliyekuja kutengeneza feni.

Ndiyo maana bangili ya bibi haina kimraba. Alisimulia habari yake yote, halafu akanishika mkono: "Hii ukae nayo mpaka nife." Voisi hiyo ipo kwenye flashi tu. Binamu zangu wananisumbua, nami nawaambia wamwombee bibi uhai.

Hao watoto wa Muscat Kiswahili chao kina Kiarabu nusu, nilidhani wataona ni kelele za wazee. Wiki iliyopita wa miaka tisa akatuma voisi yake: "Bibi, ulipopita mara ya tatu, wifi alitoka nje?"

Bibi aliisikiliza mara mbili. Akaniambia nimletee tena ile kanga.