Mdogo wangu, kabla hujaomba maiki ya televisheni

Haipiti wiki sijapata ujumbe wa kijana anayeuliza, "Kaka, nifanyeje na mimi niwe mtangazaji wa mpira kwenye TV?" Wengi hunitumia na sauti walizojirekodi. Nyingi ni sauti nzuri, nene, na goli likiingia wanalivuta mpaka simu inatetemeka mkononi. Ila nikisikiliza dakika tano nzima, majina ya wachezaji nayapata mawili, matatu. Kwa jinsi nilivyoijua kazi hii, ni kazi ya majina kwanza. Sauti inafuata.

Mimi nilianzia kwenye ndondo za mtaani, Chang'ombe hapa Dodoma, na spika ya kukodi iliyofungwa kwenye mti. Ikaja redio, kisha televisheni. Nilidhani nimefika. Siku moja nikawa natangaza mechi Uwanja wa Jamhuri, upepo wetu ule wa Dodoma unavuma, vumbi limesimama nyuma ya goli. Dakika ya sabini na kitu akaingia kijana kutoka benchi. Karatasi niliyokuwa nayo nilikuwa nimepewa na mtu, sikuihakiki. Haukupita muda, ikaja krosi kutoka kulia, kijana akapanda hewani, kichwa, goli. Nikataja jina. Yakaja marudio, nikalitaja tena, na pembe ya pili nikalitaja tena. Prodyuza ananiambia sikioni, "Siyo huyo! Siyo huyo!" na mimi namsikia, ila mpira umeshaanzwa katikati. Nikasahihisha kwa sentensi moja ya haraka nikaendelea.

Jumatatu akanipigia kaka yake yule kijana. Hakunitukana hata kidogo. Alisema, "Kaka, mama alikuwa banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea mpira, kule Mpwapwa, wakamkalisha benchi la mbele. Ulipotaja jina la mwingine, watu wakamwambia, mama kaa chini, siyo mwanao huyo, wamefanana tu." Mama alitoka nje kabla mpira haujaisha. Masahihisho yangu hakuyasikia.

Nilikwenda Mpwapwa. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwomba anitajie jina la mwanawe. Alilitamka taratibu mara mbili, na hapo ndipo nikagundua kwamba hata siku nilizolipatia nilikuwa nalikosea: ile ng' ya ng'ombe mimi nilikuwa naisema kama ng ya ngoma. Mtu anazaliwa Ugogoni, anakulia Ugogoni, na jina la Kigogo linamshinda. Niliandika kwenye daftari kama nilivyolisikia kwake.

Tangu hapo karatasi ya mtu siitegemei. Orodha rasmi ya vikosi hutoka kama saa moja kabla ya mechi. Mimi nakuwa nimefika mapema zaidi, ili timu zikitoka kukagua uwanja niwe pale chini. Mchezaji nisiyemjua namfuata, namsalimia, namwomba anitamkie jina lake. Ligi yetu sasa ina wachezaji kutoka Kongo, Ghana, Mali, Burkina Faso, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika kuulizwa jina. Wanafurahi. Kisha nahamishia kila kitu kwenye nusu karatasi ya manila niliyoibana kwenye ubao, maana upepo wa Jamhuri ulishaniondokea na karatasi mara moja na sitaki tena. Kila mchezaji ana kiboksi chake: jina, namba, mguu anaotumia, timu aliyotoka, na jambo moja tu la kumweleza. Nikiandika mambo arobaini, nitatumia sita au saba. Mengine yananipa utulivu, basi.

Jambo la pili ambalo vijana hawapendi kuambiwa ni kunyamaza. Sisi tuliokua na redio tumemsikiliza Ahmed Jongo wa Radio Tanzania, na baadaye Charles Hilary. Mtangazaji wa redio ndiye macho yako. Asipokwambia mpira uko winga ya kulia, hujui uko wapi. Kwenye televisheni mtu anaona mwenyewe. Ukimwambia "anapiga pasi, anapokea, anarudisha" unamchosha kwa kumsimulia kilicho mbele ya pua yake. Mpe ambacho jicho halikipati: ni nani huyo aliyepokea, na kwa nini kipa leo anapiga mpira mrefu unaoishia katikati. Hapa Dodoma jibu mara nyingi ni upepo, na kipindi cha pili timu zikibadilishana pande utaona mchezo umegeuka. Chukua rekodi yako, hesabu umesema "kama mnavyoona" mara ngapi. Zote ziondoe. Na goli likiingia, sema jina, kisha waache mashabiki washangilie. Sekunde kumi za sauti ya uwanja tu, bila wewe, zinatosha kumsisimua aliye nyumbani.

Kunyamaza kunakuokoa pia na haraka. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mtu wa Singida, jirani zetu kabisa, alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni. Kilomita zaidi ya arobaini na mbili, halafu yeye na Mjerumani Amanal Petros wakaandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Kwenye mita za mwisho Petros ndiye aliyekuwa mbele! Kila nikiitazama ile picha najiuliza, ningekuwa na maiki ningesubiri mstari, au ningeshamtawaza Petros? Kwenye mpira mstari wetu ni mshika kibendera. Mtazame kwanza, ndipo upandishe sauti.

Sikio nalo linafundishwa. Ukiwa hewani dairekta anaongea nawe muda wote: marudio yanakuja, kamera inaenda benchi, tatu, mbili, moja. Na wewe unaendelea kuongea kama hakuna kitu. Mimi nilijizoeza kwa kuweka hedifoni sikio moja nikisikiliza taarifa ya habari, huku nikitangaza kwa mdomo bodaboda zinazopita barabarani. Siku za kwanza ulimi ulikuwa unafuata habari. Ulichukua miezi kadhaa kutii.

Shule, tafadhali, usiiruke. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na ili upate kitambulisho cha mwandishi unatakiwa uwe na angalau stashahada ya uandishi wa habari. Nimeona wenye vipaji vikubwa wakikwama mlangoni kwa sababu hiyo tu. Sauti itunze kwa maji ya vuguvugu na usingizi.

Nafasi zipo. Ligi Kuu yenye timu 16 ina mechi 240 kwa msimu, na tangu Azam TV walipotia saini na TFF, shirikisho letu la mpira, mwaka 2021 mkataba wa kurusha mechi wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, mechi zinazorushwa ni nyingi na mikoani wanahitajika watu. Usitegemee mshahara mwanzoni. Mimi nililipwa kwa mechi kwa muda mrefu, na kulikuwa na miezi isiyo na mechi.

Jumamosi hii, popote ulipo, Kizota, Kongwa, Manyoni, kuna uwanja wa vumbi utakuwa na mpira saa kumi jioni. Nenda saa tisa na daftari. Waulize wachezaji wote ishirini na wawili majina yao, na wa benchi pia, waandike kama wanavyojitamka. Kisha washa simu utangaze dakika kumi na tano. Hiyo ndiyo nitumie, nitaisikiliza mpaka mwisho.