Barua kwa mwanangu anayetaka kutoka saiti

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unaniuliza kama, ukikubali kazi ya kuwafundisha wajenzi programu za kusimamia miradi, utakuwa umeitupa miaka sita uliyoitumikia saiti, na kama mimi niliyekutangulia katika njia hiyo nimewahi kujuta. Sijajuta, ingawa nilianza vibaya.

Kilichoniondoa saiti hakikuwa uchovu, bali nguzo moja. Mafundi wangu walifunga nondo na kumwaga zege kwa kufuata mchoro niliowapa mimi mwenyewe, kumbe mhandisi alikwisha kuisogeza nguzo hiyo katika toleo jipya lililolala ofisini siku tisa bila kunifikia. Tuliibomoa. Nilipowatazama vijana wakiipiga nyundo kazi ya mikono yao, nilielewa kwamba hasara ile haikutoka kwa fundi. Ilitoka kwenye njia ambayo mchoro hupitia, na njia hiyo ndiyo niliyotamani kwenda kuirekebisha.

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha nilieleza vitufe kwa saa nzima, hadi foramani mmoja mzee aliponyoosha mkono na kuuliza: nikiwa juu ya slabu, mikono imejaa saruji na mtandao haupo, mchoro wa leo nitaupataje? Sikuwa na jibu. Programu nyingi za aina hii huhifadhi michoro ndani ya kishikwambi ili ifunguke hata pasipo mtandao, nalo ni jambo jema, lakini kishikwambi ambacho hakijaunganishwa tangu juzi kitakuonyesha mchoro wa juzi uking'aa kama mpya, na kosa lile lile la karatasi litakuwa limehamia kwenye kioo. Karatasi kuukuu angalau huchafuka.

Tangu hapo somo langu huanzia kwenye kona ya mchoro, kabla ya kitufe chochote: hili ni toleo la ngapi, ni la tarehe gani, na je, limeidhinishwa kwa ujenzi au bado linajadiliwa? Viwango vya kimataifa vya ISO 19650, ambavyo sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018, vinataka taarifa za mradi ziwe na alama za toleo na za hali, ili kazi inayoendelea isichanganywe na iliyokwisha kutolewa rasmi. Mtu aliyejifunza hayo darasani tu huyakariri vizuri. Wewe, uliyewahi kusimama mbele ya gari la zege huku ukisubiri sahihi, utayaeleza kwa namna ambayo foramani atayakumbuka. Hapo ndipo miaka yako sita itakapolipa, kwa hiyo usihofu kwamba vijana wa kompyuta wanakuzidi kasi ya vidole.

Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi, uliza utakuwa chini ya idara gani. Ziko kampuni zinazomwita mtu mkufunzi ilhali kazi yake ni kuuza, na mafunzo hayo huisha siku malipo yanapoingia. Uliza pia kama utaruhusiwa kurudi saiti wiki mbili baada ya somo, kwa sababu siku ya kwanza watu huitikia tu, na maswali yao ya kweli huja wakishaitumia programu peke yao na kukwama.

Na usiondoke sasa. Umejenga misingi na maboma, lakini hujawahi kufikisha jengo kwenye makabidhiano, wakati orodha ya kasoro, michoro ya jengo lilivyojengwa na hati za dhamana hutafutwa kwa pupa katika barua pepe za miaka miwili. Sehemu kubwa ya utakachofundisha ipo humo. Mwombe mwajiri mpya akusubiri hadi mradi huu ukabidhiwe. Akikataa, niandikie kwanza kabla hujamjibu.

Mama yako