Kaa chini ya chanja si kaa wapya

Msimu wangu wa kwanza wa kufuga chaza, upande huu wa Menai, Unguja, nilijisifu kijiwe kizima. Maji yakipwa, kaa walikuwa wametapakaa chini ya chanja zangu za miti za kufugia chaza, wakubwa kwa wadogo, nami nikaamini ufugaji wangu ndio uliowazalisha. Mtegaji mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kule mikokoni umeshakwenda kuangalia?"

Nilikwenda. Mashimo matupu kila hatua.

Kaa hufuata chakula, basi. Chaza mchanga ana gamba jepesi; gando likibana mara moja, limepasuka. Wanaodondoka ndio karamu kabisa. Na walipokusanyika pale, kazi ikawa rahisi kwa wenye madema, mitego ya kikapu: bamvua moja tu, yale maji makubwa, wakazoa wote. Kwa hiyo usihesabu kaa chini ya chanja peke yake, pita na mikokoni. Chaza wachanga watie kwenye vikapu vya wavu, vining'inie juu ya matope.

Baadaye nikaingia kwenye kunenepesha kaa. Husemwa kwamba kufuga kunapunguza uvuvi. Inategemea umemtoa wapi. Wengi wetu hatuna pa kununua vifaranga vya kutotoleshwa, tunaviokota mikokoni humo humo. Ukimchukua kaa wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, umemvua kabla ya wakati wake, na akifia tengani hakuwahi hata kuzaa. Mimi niliwachanganya 30 banda moja. Asubuhi nikaokota magando, wamekulana! Kila kaa apewe chumba chake.

Chukua mkubwa aliyetoka kujivua gamba, ambaye bado mtupu. Mbonyeze chini, karibu na mizizi ya miguu ya nyuma: pakibonyea, huyo ndiye. Mnunuzi angempa bei ya kutupa, lakini wiki tatu nne za vichwa vya samaki na tondo zinamjaza nyama.

Jike mwenye kifuniko cha tumbo kipana, cha mviringo, mwachie. Usingoje kumwona na mayai, kwani kaa wa mikokoni hutoka kwenda kutaga bahari ya nje, na horini, kwenye mkono wa bahari uingiao mikokoni, ni nadra kumkuta ameyabeba. Mimi majike hao huwapeleka mpaka mlangoni mwa hori maji yanapoanza kutoka, wasije wakaishia kwenye dema la jirani.