Utumwa si habari ya pwani peke yake

Ndugu, umeuliza sisi wa Kisumu na Kakamega tunahusikaje na kumbukumbu za watumwa, eti hayo ni ya Mombasa. Pita Mumias siku moja. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika huko karne ya 19, ilipoitwa Kwa Sundu, kutafuta pembe za ndovu na watu pia. Waislamu wengi unaowaona Mumias leo, mizizi yao ni ya enzi hiyo.

Mombasa wana angalau kengele ya Kengeleni, Frere Town, mji ulioanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa. Wengi hushuka matatu pale bila kujua jina limetoka wapi, lakini kengele ipo. Sisi tuna nini?

Mimi sitaki sanamu kubwa ya kukatiwa utepe. Kibao tu barabarani, na wazee warekodiwe wakingali hai. Tena kisiwataje wafanyabiashara na machifu pekee. Kiseme pia habari za wapagazi na waliofungwa minyororo. Tarehe 23 Agosti, siku ya kimataifa ya kumbukumbu hiyo, ingefaa kukizindua.